Haja Isiyo Ndogo

Nianze kwa kusema nisichokijua. Sijui Mwalimu wetu wa baiolojia alizaliwa kitongoji gani wala alikuwa wa ukoo upi, ingawa milimani kwetu ukoo huulizwa hata kabla ya jina. Siku ya mazishi yake hayo yote yalisomwa, lakini mimi nilisimama nyuma kabisa, ukingoni mwa shamba la njegere, na upepo wa Mgeta ukayachukua maneno kabla hayajanifikia. Sikusogea mbele. Nilikuwa na sababu ya kubaki nyuma, nami nitaisema.

Ninachokijua ni miaka minne ya darasani, na siku chache za hospitali mjini Morogoro, ambako mimi ni nesi. Mengine nimeyaokota kwa mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu.

Alikuwa mfupi, mkavu, na suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi ya mkaa hata siku za mvua. Alitembea na chupa ya maji ya lita moja aliyoichora mistari kwa kalamu ya wino. Kila kengele ilipolia alikunywa mpaka mstari unaofuata, akaifunga, akaendelea kufundisha. Mgeta ni baridi, na mtu wa baridi hasikii kiu. Sisi tuliokuwa tukinywa chai tu tulimwona kama ana wazimu kidogo, anakunywa maji asubuhi ilhali ukungu bado umeng'ang'ania madirisha.

Lakini vita yake kubwa ilikuwa na maneno mawili tu: haja ndogo.

Baiolojia tulisoma kwa Kiingereza, kama sekondari zote, na kwa Kiingereza hatukuwa na aibu. Figo, mirija, kibofu, tuliviimba vyote kama litania ya kanisani. Yureta na yurethra tulivichanganya kila mtihani, mrija wa juu tukauweka chini na wa chini tukaupeleka juu, lakini tulivitamka kwa kifua mbele. Mwalimu alitusikiliza mpaka tumalize, kisha anafunga kitabu.

"Haya. Kwa Kiingereza hata paroko anaweza kusema. Sasa niambie kwa lugha ambayo mama yako anakuelewa. Kinachotoka ni nini?"

Mmoja, akiangalia dawati: "Haja ndogo, Mwalimu."

"Ndogo kwa nani? Ile unayoiita kubwa ukiikosa siku tatu utalalamika tumbo. Hii unayoiita ndogo ikizuiwa siku tatu, tunakuchimbia kaburi. Ndogo kwa nani?"

Sheria yake ilikuwa kwamba anayejibu husimama, na haketi mpaka alitaje neno lenyewe, kwa sauti. Mimi nilikuwa binti wa nyumba ya kanisa, mama yangu alikuwa mweka maua altareni, na kwetu neno hilo halikuwahi kupita mlangoni. Mara ya kwanza kuulizwa nilisimama kipindi kizima. Nilikaa dawati la dirishani, basi nikawa natazama nje, lori likipakiwa kabichi za kwenda Dar, nikiomba kengele ilie. Kengele ikalia. Mwalimu hakuondoka. Wenzangu hawakuondoka. Nikasema "mkojo" huku machozi yananitoka.

"Umesema, Dirishani," akasema. "Kaa."

Hakutoa sifa nyingine. Hakuwahi kutuambia "vizuri sana," wala hakuruhusu mtu apigiwe makofi. "Umesema. Kaa," na alama ya vema kwenye daftari lake dogo. Jina la Dirishani likanishika miaka yote minne.

Kuomba ruhusa nako kulikuwa mtihani. Kwa walimu wengine ulisema unakwenda msalani, au unakwenda kujisaidia, ukatoka. Kwake ulisema "Naomba kwenda kukojoa," na hapo mlango ulikuwa wazi hata katikati ya mtihani. Hakuwahi kumkatalia mtu. Alisema kibofu ni mfuko wenye adabu kuliko wanafunzi wengi, unabisha hodi mapema kabisa ungali haujajaa, na ni ujinga kumwacha mgeni mwenye adabu nje.

Kila mwaka kipindi cha figo kilipokaribia alikwenda sokoni kutafuta za kutuonyesha. Nguruwe ni wengi kwetu, na mwenyewe alisema figo ya nguruwe ndiyo inayofanana zaidi na ya mtu, lakini darasani tulikuwa na Waislamu watatu, kwa hiyo alisubiri, mara nyingine wiki mbili, mpaka apatikane mbuzi aliyechinjwa kihalali, wa kuliwa na wote. Aliipasua kwa wembe mpya juu ya gazeti, akatulazimisha kila mmoja aishike. Umbo la haragwe. Za kwetu kubwa kama ngumi, mbili, zimekaa mgongoni chini ya mbavu, ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limeibana. Alitwambia kwa siku moja figo zako huchuja majimaji kama madebe tisa kutoka kwenye damu, na karibu yote huyarudisha, maji na sukari na chumvi inayohitajika, zinaacha lita moja na nusu tu ya uchafu iende zake. "Madebe tisa," alirudia, akitutazama sisi tuliozoea kubeba debe moja kupanda mlima tukalalamika nyumba nzima ikasikia. "Na hujawahi kuzisikia zikilalamika."

Kipindi kikiisha aliikusanya ile figo na kuipeleka nyumbani. Mama Mwalimu aliikaanga na vitunguu. Somo halitupwi, alisema.

Yupo mzazi mmoja aliyekuja shuleni akiwa amefura kwa hasira. Mwalimu alikuwa amewafundisha wasichana kwamba mrija wetu wa mkojo ni mfupi kuliko wa wavulana, kwamba vijidudu havina safari ndefu, na kwa hiyo tujipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, si kinyume chake. Mama yule alitaka kujua mwanamume mzima ameyajuaje hayo na anayasemaje mbele ya watoto wa watu. Mwalimu akamwamkia, akamwekea kiti, akamuuliza ni mara ngapi mwaka ule amekwenda zahanati kwa UTI. Walikaa ofisini nusu saa. Alipotoka alikuwa amebeba mkononi karatasi yenye mchoro, ameikunja ndogo kabisa, na njia nzima hakumtazama mtu.

Mfereji nao siwezi kuuacha. Nyuma ya nyumba yake Mama Mwalimu alikuwa na bustani ya ngazi kama zilivyo bustani zote za kwetu, maji yanashuka kutoka ngazi ya juu hadi ya chini. Siku moja Mwalimu alitutoa darasani akatupanga pembeni. Matuta mawili ya juu akayaita figo. Vijifereji viwili vinavyoshuka, mirija. Shimo la chini ambako Mama alichotea maji ya kumwagilia, kibofu. Halafu akainama, akachukua donge la udongo, akaziba mahali shimo linapotolea maji.

"Subirini."

Shimo likajaa. Likajaa zaidi. Maji yakaanza kupanda kurudi yalikotoka, taratibu, mpaka matuta ya juu yakavimba, udongo ukalegea, na miche ya kabichi ikaanza kulala mmoja mmoja. Mama Mwalimu akatoka jikoni na mwiko.

"Baba wee! Kabichi zangu!"

"Subiri kidogo, Mama. Wanajifunza."

"Si wakajifunzie kwenye kabichi zako!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Alituuliza, "Kosa liko wapi?" Tukasema liko chini, kwenye tundu. "Na kilichoharibika kiko wapi?" Tukasema juu. "Andikeni hivyo hivyo." Niliandika. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Sasa niseme upande wake wa pili, kwa sababu mtu huyu aliyetulazimisha kulitaja neno alikuwa mwenye haya kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Wauguzi wa kituo cha afya walipokuja kuwachoma chanjo walimu, wenzake walikunja mikono ya mashati palepale uwanjani wakitaniana. Yeye alimpeleka nesi nyuma ya kabati la maktaba. Na kwa maji yote yale aliyokunywa, miaka minne hatukumwona hata siku moja akielekea choo cha walimu. Tulikuwa na utani wetu, kwamba Mwalimu akifika nyumbani huyarudisha kwenye chupa.

Tulipokwenda kutembelea chuo kikuu cha Mzumbe kwa lori la kukodi, dereva alisimama njiani akapiga kelele, "Wa kuchimba dawa washuke!" Mwalimu akatoa kichwa dirishani. "Dawa gani mnayochimba hapo? Semeni mnachokwenda kufanya!" Lori zima likaitikia kwa kicheko, "Tunakwenda kukojoa, Mwalimu!" na sote tukashuka, wavulana upande huu, wasichana ule, na dereva naye, na mwalimu wa jiografia. Niliporudi wa kwanza nilimkuta bado amekaa pale mbele, peke yake, mikono juu ya magoti, anatazama kioo. Nikamuuliza, "Mwalimu, wewe hushuki?" Akasema, "Mimi ni mwalimu." Kwa akili yangu ya wakati ule lilikuwa jibu la kutosha.

Miaka ikapita. Nikasomea unesi, na wala sifichi kwamba ni yeye aliyenipeleka huko. Yeye akastaafu, akabaki na Mama Mwalimu na kabichi. Nikipanda Mgeta kwa Krismasi nilipita kuamkia, nikakuta chupa yenye mistari iko mezani.

Siku ninayotamani irudi ilikuwa ya katikati ya wiki, asubuhi, kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mimi ndiye niliyekuwa nikipima presha na kuuliza maswali ya mwanzo kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Nikamwona wa sita kwenye foleni. Alikuwa amekonda. Alikuwa ametandika gazeti kwenye benchi na kukalia juu yake, nami moyoni nikatabasamu, nikasema huyu bwana na usafi wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Dirishani. Kumbe uko hapa." Hakuonekana kufurahi. Alitazama meza nyingine kama kuna nesi mwingine. Hakukuwa na mwingine.

"Tunasumbuliwa na nini?"

"Mgongo tu, mwanangu. Huku chini. Na usingizi siku hizi hauji, naamka amka."

Nilimfunga kitambaa cha presha mkononi. Ilikuwa juu. Na nilipomwinamia nikaisikia, chini ya sabuni nyingi ya kunukia, harufu ambayo nesi wa mwaka wa kwanza anaijua. Mwanamume wa umri wake, anaamka amka, mgongo huku chini, presha imepanda, na harufu ya mkojo. Kila kitu kilikuwa mezani. Kilichobaki ni kuuliza swali moja kwa maneno yake mwenyewe: Mwalimu, mkojo unatoka vizuri? Unakatika katika? Unavuja?

Nikamtazama, mkunjo wa suruali, kalamu mfukoni. Nikaona ni kama baba yangu. Nikashusha sauti nikasema, "Na haja ndogo, Mwalimu, inakwendaje?"

Akaniangalia. Sijui kama alikuwa akisubiri, jinsi alivyokuwa akisubiri darasani. Mimi sikuongeza neno. Akashusha macho akasema, "Haja ndogo ni njema."

Nikaandika kwenye cheti: mkojo, kawaida. Daktari alikuwa na foleni hadi nje ya geti, akasoma nilichoandika, akampa dawa za maumivu na za presha. Mwalimu alipoondoka alilikunja gazeti lake kwa uangalifu akaondoka nalo. Ndipo nilipoelewa kwa nini alilitandika. Benchi lilikuwa kavu. Ningeweza kumkimbilia, geti haliko mbali. Nilimwita mgonjwa anayefuata.

Mama Mwalimu alimleta miezi saba baadaye, kwenye gari la kubeba mboga, amelala juu ya magunia matupu. Tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu, miguu imejaa, anasinzia na kuweweseka. Tulimwekea mpira, mkojo ukatoka mpaka mfuko ukajaa, tukabadilisha, wa pili nao ukajaa. Daktari alieleza wodini, kwa upole, kwamba ni tezi dume. Imekua taratibu kwa miaka mingi na kubana njia. Wala haikuwa saratani, ni tezi tu, kitu ambacho kingewahiwa kwa dawa au upasuaji. Lakini kibofu kilijaa hadi mkojo ukarudi nyuma, ukapanda kwa mirija, ukaziharibu figo zote mbili. Na sasa vijidudu vimeingia kwenye damu.

Mama Mwalimu alisikiliza yote, kisha akanigeukia. "Si ndivyo alivyofanya kwenye kabichi zangu?"

Nikasema ndivyo, Mama.

"Alikuwa anajua?"

Alijua kila hatua. Mama aliniambia baadaye kwamba nyumbani Mwalimu alisema ni ngiri, akachemsha mizizi, na nguo zake za ndani alizifua mwenyewe alfajiri, yeye ambaye maisha yake yote hakujua sabuni inakaa wapi. Nililia chumba cha dawa kwa hasira, nikimkasirikia yeye kwanza, kisha nikajikasirikia mimi.

Kulikuwa na mpango wa kumpeleka Dar asafishwe damu. Gari lingeondoka Jumatatu. Ile mifuko miwili ya mwanzo ilikuwa mkojo wa zamani uliorundikana. Baada yake figo hazikuwa na kitu cha kuleta. Alipopata fahamu akawa ananiuliza kila zamu, "Ni ngapi?" Nami nilijua anauliza nini. Mia mbili na hamsini, Mwalimu. Kesho yake mia moja na kumi. Alitikisa kichwa kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi aliyemtegemea.

Jumamosi mchana Mama Mwalimu alikwenda kununua uji. Nilipiga magoti kando ya kitanda kusoma mfuko. Kulikuwa na kidogo mno chini, cheusi kama chai iliyolala.

"Ni ngapi?"

Nikainuka. "Imepungua kidogo tu, Mwalimu. Hii haja ndogo mara nyingine..."

Alinitazama kwa yale macho ya darasani, wala si ya ukali, ya mtu mwenye nafasi. Nje muuza maembe alikuwa akibishana na mlinzi. Nilisimama na mikono nyuma, nikatazama dirisha, nikaona milima yetu juu imefunikwa na wingu. Nikajua hataondoka mpaka niseme, na kwamba safari hii kengele ikilia ataondoka.

"Mkojo, Mwalimu," nikasema. "Mililita ishirini tangu asubuhi. Figo hazichuji tena." Sauti ilinikatika lakini sikuishusha. "Na siku ile kwenye benchi nilisikia harufu ya mkojo. Nilijua. Nikakuuliza kwa maneno uliyonikataza, ili usinijibu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza uso. Mwalimu alifumba macho muda mrefu hadi nikaogopa.

"Nami nilijua umesikia," akasema. "Niliona pua yako. Nikasema, akilitaja tu huyu, ninamwambia yote." Akavuta pumzi. "Halafu ukanipa mlango wa kutorokea. Nikapita. Mwalimu mzima."

"Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, wala sikuwa nimetegemea. Alihangaika na mkono wenye sindano ya dripu, akausogeza polepole juu ya shuka, akapapasa ukingo wa kitanda, pale penye nafasi.

"Umesema, Dirishani," akasema. "Kaa."

Nesi haruhusiwi kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Nilikaa.